Kitabu changu hakina inspekta

Tangu niseme hapa kwamba naandika riwaya ya uhalifu ya Nairobi, watu wananiuliza swali moja tu: inspekta wako ni nani? Wengine nimewajibu kwa simu, wengine kwa kibanda cha chai, lakini leo ni Jumapili, stima iko, nguo nishaanika, wacha niandike yote mara moja.

Hakuna inspekta. Alikuwepo. Aliishi kwa daftari langu karibu miaka miwili, mrefu, mpole, mjane, anakunywa strungi bila sukari, akiingia kwa nyumba anaangalia vumbi ya dirisha anajua nani ameua. Nilimpenda kabisa. Nikaja nikamtoa juu ya mama mmoja nilimpata ameketi kwa benchi la kituo cha polisi, amepakata begi ya shule ya mtoto.

Lakini nianze na simu.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua inanyesha ile ya kukatakata, nimetoka kazini nimepanda matatu namba 58 naenda Buruburu, nimekaa dirishani. Tukafika Landhies Road pale Muthurwa, jam imeshika, gari haisongi hata kidogo. Konda akapiga bodi akasema wenye wako dirishani wafunge, simu ziwekwe chini. Nilimsikia. Lakini nilikuwa nasoma meseji ya mathe kuhusu mchango wa opresheni ya mjomba, nikasema wacha nimalize huu mstari. Mkono ukaingia. Mtu sikumwona, niliona mkono, kucha za grisi kama za mtu wa gereji na uzi mwekundu umefungwa kwa kifundo. Simu ikaenda na kava yake na ile noti ya elfu moja nilikuwa nimeficha ndani ya kava ya siku ya shida.

Nikapiga nduru. Mwizi! Mwizi huyo!

Hii sehemu huwa sipendi kuisimulia lakini ndiyo kubwa kuliko zote. Niliposema hilo neno watu watano sita wakatoka mbio kwa mvua, watu wenye hawanijui, mmoja alikuwa amebeba rungu sijui aliitoa wapi. Huyu mama nilikuwa nimekaa naye akanishika mkono akaniambia, "Pole dadangu. Na usishuke." Mimi nilidhani anaogopa niibiwe na begi pia. Baadaye nikielekea nyumbani ndio nikaelewa alikuwa ananikinga nisione kitu. Kijana hakushikwa, alipotelea huko ndani sokoni, na nilimshukuru Mungu usiku huo nikiwa nimelala macho. Hilo neno ukilitoa Landhies Road saa kumi na mbili jioni huwezi kulirudisha.

Nikaripoti polisi, nikapewa namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, nikachukua abstrakti, ile karatasi yao ya kitu kilichopotea, nikarudisha laini, nikanunua kasimu ka mulika mwizi, kale kadogo ka tochi, maisha yakaendelea. Miezi miwili ikapita. Siku moja napigiwa na afisa, simu yako imepatikana, kuja uitambue.

Nafika hivi, kwa benchi kuna mama wa kama miaka hamsini na tano, leso ameifunga vizuri, hiyo begi ya mtoto ameishikilia kifuani. Alikuwa amekamatwa akienda kumchukua mjukuu shule. Anauza chapati Kayole. Simu alinunua kwa fundi wa ploti ya jirani, shilingi 4,000, analipa mia tano kila Jumamosi. Fundi naye amechukua kwa kijana wa kuuza chaja huko tao kwa 2,800. Kijana wa chaja anasema aliletewa na mtu kwa 1,500, na huyo mtu hamjui jina. Afisa alikuwa anasoma hiyo orodha kwa karatasi kama vile pale Mathayo, huyu akamzaa huyu, huyu akamzaa huyu, na kila akisoma jina mama anatingisha kichwa kama anasikia habari ya ukoo mwingine.

Wakaniletea simu. Kioo kimepasuka kwa kona palepale kilikuwa kimepasuka. Nikaiwasha. Picha ya mbele haikuwa yangu tena, kulikuwa na mtoto wa kike wa kama miaka sita, sweta ya kijani, jino moja la mbele halipo, anacheka mpaka macho yamefunga.

Mama akaniangalia akaniuliza, "Mwanangu, hii ni yako?" Nikasema ndio mama, ni yangu. Akasema, "Basi chukua. Lakini nitolee hiyo picha kwanza, sina kwingine."

Nafanya kazi ya ukarani kwa ofisi ya wakili, na kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu nimekichapa mara nyingi mpaka vidole vinakijua. Kupokea mali ya wizi, ukijua au ukiwa na sababu ya kujua ni ya wizi, kifungo kinaweza kufika miaka 14. Kumi na nne! Nilikuwa naichapa kama namba ya nyumba. Siku hiyo nikaiona imekaa kwa benchi na begi ya shule. Na nikaona kitu kingine chenye miaka yote nikichapa hizo karatasi sikuwa nimeona, kwamba wa mwisho kushika ndiye wa kwanza kushikwa. Polisi wanafuata IMEI, ile namba ya simu yenyewe si ya laini, simu iko kwa mama, mama ndio wanampata. Ule mkono wenye uzi mwekundu hakuna mtu aliuuliza.

Nikawaambia sitaki kuendelea na kesi, nikaandika nikasaini. Ilichukua masaa na maneno mengi lakini jioni mama alienda nyumbani. Kulikuwa na askari mmoja msichana, mdogo sana, yeye ndiye alituma ile picha kwa simu ya binti ya mama kabla nipewe simu yangu. Hakuna mtu alimwambia afanye hivyo.

Usiku huo nilifungua daftari nikamsoma inspekta wangu, na nikaona hana kazi.

Sisemi vitabu vya mpelelezi ni vibaya, tafadhali, mi nimelelewa na hizo. Buda alikuwa nazo kwa boksi la sabuni chini ya kitanda. Bwana Msa na kiko chake, yule wa Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale kilichapishwa 1960 na bado ukikisoma leo unataka kujua nini kiko mbele. Willy Gamba wa Elvis Musiba ndiye alinifundisha kusoma na tochi. Na inspekta ana kazi moja muhimu sana kwa hadithi, yeye ndiye sindano. Mji una nyumba elfu na watu hawajuani, unahitaji mtu mmoja mwenye ana ruhusa ya kubisha kila mlango na kuuliza maswali, apitishe uzi kutoka nyumba ya tajiri mpaka ya maskini. Bila yeye una hadithi kumi ambazo hazijaonana.

Lakini nikijiuliza hapa kwetu ni nani huyo anabisha watu wanafungua. Kwa ploti nilikokulia, Huruma, ukisikia tu "karao wako hapo chini", yaani polisi, milango yote inafungwa na hata redio inazimwa. Hakuna mtu ameona kitu. Hakuna mtu anajua jina la jirani, hata yule amemkopesha unga asubuhi. Inspekta wangu mpole angesimama kwa ngazi na daftari lake mpaka giza liingie. Yeye hawezi kuingia kila nyumba Nairobi.

Simu inaingia. Pesa inaingia. Tangu M-Pesa ianze 2007 shilingi mia tano inaweza kutoka Lavington kwa matajiri saa nne asubuhi, ipite kwa bawabu, kwa mama mboga, kwa wa maji, na saa kumi jioni iko kwa shosho huko ushago, na shosho hamjui kabisa yule wa kwanza. Ndio nikasema sawa, kitu ndicho kitakuwa sindano yangu. Simu moja, mikono mingi, kila mkono sura yake.

Hapo ndio nikarudi kwa Kiriamiti.

Kama ulisoma sekondari Kenya unajua My Life in Crime. Kwetu kilikuwa kimoja darasa zima, kava ilishatoka, kurasa za mwanzo zimelambwa na panya, kinapitishwa dawati kwa dawati wakati wa prepu ndani ya kitabu cha jografia. John Kiriamiti alifungwa miaka 20 mwaka wa 1971 kwa wizi wa nguvu, alikiandika akiwa ndani, na 1984, mwaka aliotoka, ndio kitabu nacho kikatoka. Tulitaka mabenki tu. Tulitaka Jack Zollo, ndiye yeye kwa kitabu, akimbie na sisi tukimbie naye.

Sasa 1989 akaandika kingine, My Life with a Criminal, na huyo anayesimulia ni Milly, yule mwanamke wa Zollo. Nilikisoma nikiwa fomu tatu nikachoka nacho, nikaona ni kile kile tu kimepunguzwa risasi. Baada ya ile siku ya kituo nilikitafuta, nikakipata kwa wale wa kuuza vitabu vya zamani kwa pevumenti hapo tao, nikakipata pamoja na kile cha kwanza, 350 vyote viwili. Nikavisoma kwa kufuatana wikendi moja, na nikaona hiki cha pili ndicho kitu kikubwa zaidi kimefanyika kwa vitabu vyetu vya uhalifu, na hatujawahi kumshukuru vya kutosha.

Juu angalia. Jamaa ameandika maisha yake, yamependwa nchi nzima, angeandika wizi mwingine na mwingine na watu wangenunua. Badala yake akarudi kwa nyumba. Akauliza, usiku ule mimi niko nje na bunduki, huyu mwenye nilimficha kazi yangu alikuwa anafikiria nini, alikula nini, aliwaambia watu wao nini. Kwa kitabu cha kwanza Milly ni mtu wa kurudiwa. Kwa cha pili nyumba ndiyo inaongea, na ile mambo yote tulishangilia kwa dawati inageuka kuwa ni mlango wenye haufunguliwi na chakula kimepoa. Uandishi wake si wa kasi kama cha kwanza, ni kweli. Lakini wazo! Wizi mmoja kuusimulia mara mbili, kutoka pande mbili, na kila upande ni kweli.

Mi nikasema kama ni mara mbili inawezekana, basi hata mara kumi na mbili.

Na Nairobi yenyewe inasaidia, hii ndio kitu nimependa kugundua. Ilianza 1899 kama kambi ya reli, halafu wakoloni wakaigawa, Wazungu juu huko kwenye kibaridi, Wahindi katikati na Ngara na Parklands, Waafrika mashariki chini ya reli. Wakoloni wakaenda lakini barabara zikabaki venye zilikuwa. Mpaka leo karibu kila matatu inaingia tao na kutoka tao. Ukitoka Kangemi unaenda Kayole huzunguki nje, unaingia katikati, unashuka, unavuka kwa miguu, unapita Archives, unapita Tom Mboya, unaenda kupanda nyingine upande ule. Sensa ya 1969 mji ulikuwa na watu kama laki tano hivi, ya 2019 ni 4,397,073, na wengi wao bado wanavuka hizo barabara chache. Hiyo dakika kumi ya kutembea kutoka steji hadi steji ndio kitabu changu kinaishi. Fundi amegongana bega na mke wa wakili na hawajaangaliana. Kijana wa chaja ameuzia askari chaja. Sihitaji kulazimisha mtu akutane na mtu, jiji limeshafanya hiyo kazi kabla yangu.

Shida nilipata ni matajiri. Tangu 2022 kuna Expressway, ile barabara ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, mtu wa pesa anapita juu ya vichwa vyetu kutoka airport mpaka nyumbani bila kukanyaga Muthurwa hata kwa macho. Nilikaa na tajiri wangu miezi minne nje ya hadithi nikishindwa kumwingiza. Mwishowe aliingia kupitia bawabu wake, mwenye aliokota simu kwa geti na akanyamaza nayo siku mbili. Sasa hiyo ndio sura napenda kuliko zote.

Ile kuniweka sawa kabisa ilikuwa Kenyatta Market. Nilienda kusukwa Disemba, na mwenye anajua pale anajua, ukikaa tu wanakuja watatu wanne kwa kichwa kimoja, huyu kulia, huyu kushoto, huyu nyuma, ndio umalize haraka. Nikawa nawasimulia habari ya mama wa chapati. Yule wa kulia akasema mwenye makosa ni fundi, juu fundi anajua kabisa simu ikija bila chaja bila boksi na imefungwa paswedi. Wa kushoto akakataa, akasema na mama pia alijua, simu ya elfu ishirini unauziwa elfu nne, kwani ulidhani imetoka mbinguni? Wakabishana hivyo juu ya kichwa changu, na kila mmoja akipandisha sauti anavuta, mpaka machozi yananitoka. Wa nyuma alikuwa kimya. Ndio mdogo wao. Tukiwa karibu kumaliza, wakati wa kuchovya kwa maji moto, akasema pole pole, "Mi nilinunua moja hivyo. Ilikuwa na picha za harusi ya mtu. Nilikaa nazo wiki nzima nikiangalia kabla nifute."

Hakuna mtu alimjibu. Wa kulia akamwambia alete taulo.

Shuleni tulifundishwa mtiririko wa hadithi unaitwa msuko, na miaka yote nililisikia kama neno la mtihani tu. Siku hiyo nilisikia kwa ngozi ya kichwa. Watu watatu, hawaangaliani, kila mmoja ana nyuzi zake, kichwa ni kimoja. Nikirudi nyumbani nilipanga sura upya zote. Kila mkono unapata sura moja tu, hata kama ninampenda. Hakuna mtu anajua simu ilitoka wapi zaidi ya mkono mmoja nyuma. Na juu ya kila sura naandika bei.

Hiyo bei ilinifundisha kitu pia. Yule anaingiza mkono kwa dirisha, mwenye anaweza kuchomwa na tairi mchana kweupe, anapata 1,500. Wa katikati, wenye hawakimbii, kila mmoja anapata karibu kama yeye. Wa mwisho analipa zaidi na ndiye wa korti. Sikuipanga hivyo mimi, niliiandika tu venye afisa aliisoma kwa karatasi.

Wengine mmeniuliza kama basi kuna maiti, juu kitabu cha uhalifu bila maiti mnasema ni kama ugali bila mboga. Iko. Sura ya saba. Ni kijana amepigwa na umati kwa simu nyingine kabisa, si hii, alikuwa amesimama tu mahali pabaya na amevaa jaketi ya rangi ile ile. Niliiandika mara sita. Mara tano za kwanza umati ulikuwa ni "watu", wamekasirika, hawana sura. Mara ya sita nikaweka ndani ya matatu dada mmoja amekaa dirishani, mdomo wazi, ametoka tu kusema lile neno, na mama amemshika mkono. Nikaandika anachosikia bila kuangalia nje. Baada ya hapo sikuweza kuandika kitu karibu mwezi.

Nimefika ya kumi na moja sasa, ya mama. Yeye hauzi chapati kwa kitabu, nimembadilisha kazi, mtaa na kila kitu ili asijulikane, lakini picha ya mtoto nimeiacha. Simu nilirudishiwa, ndiyo hii naandikia, kioo bado kimepasuka. Yule mtoto wa sweta ya kijani bado yuko kwa galari, alishatumwa kwao, ningeweza kufuta, na kila nikisafisha simu nikifika pale naruka.

Sura ya kumi na mbili ni ya mwisho kwa kitabu lakini ndiyo ya kwanza kwa wakati, ni ya ule mkono. Nimekaa nayo wiki tatu. Nimepita Muthurwa mara nne, nimeshuka kabisa, nimesimama pale kwa mzunguko nikiangalia vifundo vya mikono ya vijana wanaopita kati ya magari. Niko na uzi mwekundu na niko na grisi. Jana usiku nikapata sentensi ya kwanza, kwamba uzi alifungwa na dadake mdogo asubuhi hiyo, wakicheza.